Mama mudogo alilipa, ndipo wakamjua: kodi na imani ku soko ya Kpandroma



Leo naandika juu ya swali moja ambalo wengi wetu tuliosoma ekonomi tulilijibu vizuri ku mtihani, na mimi nikalijibu vibaya ku maisha. Swali ni hili: juu ya nini wafanyabiashara hawalipaki kodi?

Ku mtihani niliandika jibu la kitabu. Mfanyabiashara anapiga hesabu: akificha atabakisha kiasi gani, na akikamatwa atalipa faini gani. Kama ukaguzi ni kidogo na adhabu ni ndogo, atakimbia. Ni mawazo ya Allingham na Sandmo, katika makala yao ya 1972. Profesa alinipa pointi nzuri. Katika jibu lile lote hakuna mahali nilipoandika neno "imani".

Kisha nikamaliza lisansi, nikapanda Kpandroma kusalimia familia.

Kwa wale wasiofika: Kpandroma iko katika territoire ya Djugu, Walendu Pitsi, upande wa Rethy, kule juu ambako baridi haina mchezo. Viazi na maharagwe vinateremka Bunia. Sabuni, mafuta, biskwiti na batri vinatoka Uganda kwa njia ya Mahagi. Ku soko, franga, dola na shilingi ya Uganda zinatembea pamoja, na mama wa soko anazibadilisha kichwani mbio kuliko sisi na simu zetu.

Mama mudogo yangu ana butiki pale. Wakati wa mavuno ananunua pia viazi na kuvituma Bunia. Hakuwa na karatasi yoyote ya biashara. Mimi, na diplomi yangu mpya, nikamkalisha chini. Nikamweleza kwamba kuna patanti ya biashara ndogo, kwamba sheria yake iko tangu 1979, kwamba akiilipa atakuwa sawa na leta na hakuna mtu atamsumbua tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikubali, na nadhani hakukubali sababu ya sheria. Alikubali sababu ni mimi nilisema.

Akalipa. Akapewa karatasi, akaitundika ukutani nyuma ya kaunta.

Wiki chache baadaye wakaanza kuja. Mmoja alikuja kwa ajili ya usafi. Mwingine kwa ajili ya mizani. Mwingine kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa juu ya mlango, ati ni publisite. Kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja na kalamu, na mmoja alisema wazi: tumeona jina lako ku liste. Baadhi ya karatasi zao zilikuwa za kweli, nyingine mimi mwenyewe na lisansi yangu sikuweza kuzielewa. Jirani yake, ambaye hana patanti hata moja, alikuwa anatoa kitu kidogo kwa mtu mmoja anayemjua, na analala muzuri.

Siku moja mama mudogo akaniuliza, bila hasira: "Mutoto yangu, njo wewe ulinionyesha kwao?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni kutafuta jibu lile.

Analipa tayari

Kitu cha kwanza nilichokosea ni kufikiri kwamba mama mudogo alikuwa mtu asiyelipa. Nilikaa naye juma moja nikaandika kila franga iliyotoka bila kununua kitu. Kuna jeton ya soko. Kuna ya kushusha mzigo. Kuna ya barieri, na mzigo wa viazi ukishuka Bunia barieri si moja. Kuna mchango wa barabara ikikatika wakati wa mvua. Kuna "madeso ya bana", maharagwe ya watoto, ambayo sisi wote tunajua si maharagwe.

Sasa tuangalie sheria. Mwaka 2013 ilitoka sheria ya kodi kwa biashara ndogo. Ilisema hivi: biashara ambayo mauzo yake ya mwaka hayapiti franga milioni 10 ilipe kwa jumla franga 50.000 kwa mwaka mzima. Kati ya milioni 10 na 80, ilipe 1 kwa mia ya mauzo kama inauza vitu, na 2 kwa mia kama inauza kazi. Franga 50.000 wakati ule zilikuwa kama dola 54. Kwa butiki ya Kpandroma si kitu cha kuua mtu. Nilipojumlisha daftari langu la juma moja na kuzidisha kwa mwaka, yale ya pembeni yalikuwa mbali sana juu ya franga 50.000.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Nyingi zilikuwa na watu wa leta, si watu wa msituni tu. Ripoti yao walipa jina ambalo kila dereva wa Djugu angeweza kuliandika: kila kinachotembea kitalipishwa.

Kwa hiyo swali la mtihani liliulizwa vibaya. Mama mudogo analipa sana. Lakini analipa kwa mkono, kwa mtu, ili apite leo. Kile ambacho halipi kwa moyo ni kile cha sheria, kinachopaswa kufika ku keshi ya leta na kurudi kama barabara.

Wasomi wanasema nini juu ya imani

Mwaka 1988 Margaret Levi, msomi wa Marekani, alitoa kitabu juu ya watawala na mapato yao. Wazo lake ni jepesi. Hakuna serikali inayoweza kuweka polisi nyuma ya kila mlipaji. Kodi nyingi zinalipwa nusu kwa hiari: adhabu iko pale nyuma, lakini mtu analipa kwa sababu anaamini mambo mawili. La kwanza, leta itatimiza sehemu yake ya mapatano. La pili, wenzangu pia wanalipa, si mimi peke yangu mjinga.

Miaka 20 baadaye, 2008, Erich Kirchler wa Vienna na wenzake waliliweka hivi: kodi inaweza kuingia kwa njia mbili, nguvu ya leta au imani kwa leta. Nguvu inaleta pesa ya mtu anayeogopa, naye atakimbia siku utakapogeuka. Imani inaleta pesa ya mtu anayelipa hata usipokuwepo. Na vyote viwili vikishuka, kila kitu kinateleza chini. Walitumia kabisa picha ya mteremko wenye utelezi. Aliyesukuma gari la viazi wakati wa mvua upande wetu haitaji profesa kumweleza picha hiyo.

Nikarudi kwa mama mudogo na mawazo haya, si kumfundisha tena, ila kumwuliza. Aliyonijibu yalikuwa maswali matatu. Nayaandika kwa mpangilio wake.

La kwanza: makuta inafika wapi?

Hapa Katiba ya 2006 inasema vizuri. Kifungu cha 174: hakuna kodi bila sheria. Kifungu cha 175: 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yakatwe palepale yanapoingia, yasipande Kinshasa kwanza kuombwa. Kisha 10 kwa mia iende katika keshi ya kusawazisha majimbo. Tunajua wote jinsi ile 40 inavyotendewa: inapanda kwanza, kisha jimbo linangoja kama mtoto anayengoja baba mwisho wa mwezi.

Mama mudogo hajasoma kifungu cha 175. Lakini kuanzia miaka ya 1990 yeye na wazazi wenzake ndio waliolipa prime ya walimu, mpaka leta ilipotangaza shule ya msingi bure mnamo Septemba 2019. Mtu aliyelipa mwalimu wa mtoto wake kwa mkono wake, akarudi kuombwa kodi "ya shule na barabara", ana haki ya kuuliza ile nyingine iliishia wapi.

La pili: na yule mwingine?

Ku soko ya Kpandroma kila mtu anajua nani ana ndugu ku biro. Mwenye lori anapita, mwenye beseni anasimamishwa. Hapo hesabu ya mtihani wangu inavunjika, sababu mtu hapigi hesabu ya faini tu, anapiga pia hesabu ya aibu. Kulipa wakati mkubwa halipi ni kuonekana mjinga mbele ya majirani, na biashara ya soko inasimama juu ya heshima.

La tatu: nikilipa, itaisha?

Mimi nilidhani hili ni dogo. Sasa naona ndilo kubwa kuliko yote. Kitansi kwa mfanyabiashara ni ahadi: umelipa, imekwisha, nenda kafanye kazi. Kitansi kisichomaliza neno hakina thamani. Kikileta wengine, ni hatari. Patanti ya mama mudogo haikumfunika, ilimwangazia taa.

Jirani zetu Watanzania walijaribu kujibu swali hili la tatu. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho kwa machinga: shilingi 20.000 kwa mwaka, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4, na mwenye nacho asibughudhiwe. Baadaye yalitokea malalamiko, watu wakisema wanalazimishwa kuvinunua, na imani ikapungua hapo. Lakini wazo la kwanza lilikuwa sahihi: bei moja, karatasi moja, na imekwisha.

Kananga: somo kutoka nchini mwetu

Kuna utafiti uliofanyika Kongo yenyewe, na unashangaza wengi. Mwaka 2016, ku Kananga, serikali ya jimbo la Kasaï-Central ilianza kukusanya kodi ya nyumba mlango kwa mlango. Jonathan Weigel, mtafiti, alifuatilia. Kartie zaidi ya 400 ziligawanywa kwa bahati, nyingine zikatembelewa na wakusanyaji, nyingine hapana. Ambako hawakupita, waliolipa walikuwa karibu na sifuri, 0,1 kwa mia. Ambako walipita, walifika kama 11,6 kwa mia.

Lakini kilichonigusa ni kingine. Katika kartie zile zilizolipishwa, watu wengi zaidi walikwenda mikutanoni na serikali ya jimbo au waliandika maoni yao juu yake, tofauti ya karibu pointi 5 kwa mia. Mtu aliyeombwa kodi kwa utaratibu alianza kuuliza. Alijiona ana deni la kudai.

Mwaka 2018, mji uleule, wakajaribu kitu kingine: chefu wa kartie akusanye badala ya ajenti kutoka ofisini. Waliolipa wakaongezeka kwa pointi 3,2, na mapato yakapanda kwa 44 kwa mia. Nilipoanza kusoma nilifurahi, nikasema hii ndiyo imani. Lakini watafiti wenyewe hawasemi hivyo. Wanasema chefu alishinda hasa kwa sababu anajua nani ana uwezo na nani yuko tayari, hivyo anagonga mlango wa kufaa. Nimelifikiri sana hili. Ajenti anayenijua hanidai siku mtoto amelazwa hospitalini. Anakuja siku viazi vimeuzwa. Labda kujuliwa namna hiyo ndiko imani inakoanzia, hata kama kwenye jedwali la watafiti inaitwa habari.

Basi kodi na imani zinasukumana pande zote mbili. Hatuwezi kusema tungoje leta iwe safi ndipo tulipe, sababu asiyelipa kwa njia halali hana karatasi ya kudai nayo. Na leta haiwezi kusema lipeni kwanza, tutaona.

Nguvu peke yake

Wengine watasema: leta yetu ni dhaifu, ikipata nguvu watu watalipa. Ndugu zangu, Djugu imeona nguvu ya kila aina. Tangu mwisho wa 2017 vita ilifukuza watu wengi, wengine Bunia, wengine wakavuka ziwa Albert kwenda Uganda. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri ikaingia katika état de siège. Nasema tu nilichokiona kwenye daftari la mama mudogo: mbele ya silaha mtu anatoa, na hakuna anayeita kile kodi. Kinachobaki kichwani ni hesabu ya njia gani ya kupita kesho.

Na wenye leta yenye nguvu nao wana mpaka. Kenya ina mamlaka ya kodi yenye kompyuta na wakaguzi, lakini Juni 2024 vijana walijaa barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, wengine wakafa, na tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia saini. Vijana wengi hawakupinga kodi kama kodi. Waliuliza swali la kwanza la mama mudogo.

Imani iko, lakini iko kwingine

Mtu asiseme watu wa Kpandroma hawana imani. Mama mudogo yuko katika likelemba ya wamama. Kila juma anampa mwenzake pesa ambayo hakuna polisi wala mahakama itamrudishia, na zamu yake ikifika anapata. Anajua kiasi gani, anajua nani amelipa, anaona pesa inahesabiwa mbele ya macho yake, na anajua siku yake. Na salongo ya kuziba mashimo barabarani, watu wanatoka na majembe bila kitansi, sababu jioni wanaona shimo limejaa.

Ukiweka likelemba kando ya kodi, utaona kwamba maswali matatu yote yamejibiwa katika likelemba: inafika wapi, nani mwingine analipa, na inaisha lini. Kwa wamama wa soko, imani si kupenda leta. Ni kujua.

Na sisi?

Sasa nafika pale panaponiuma. Kati yetu katika chama hiki, wangapi wanangoja nafasi ku DGI, ku DGDA, ku DGRAD, au ku ofisi ya mapato ya jimbo? Wengi. Na wangapi tayari wanafanya kazi kama nouvelles unités, wana namba na biro lakini mshahara haujafika, mwaka wa pili, wa tatu? Ajenti asiyelipwa ataishi kwa butiki ya mama yangu. Simlaumu kama mtu. Lakini tuseme ukweli: yule aliyekuja na mfuko na kalamu alikuwa na lisansi kama mimi. Aliandika jibu lilelile ku mtihani.

Kwa hiyo nina mambo machache, madogo, ambayo hayangoji Kinshasa.

Tuwaeleze watu wetu kwamba mwaka 2018 ilitoka sheria ya kuorodhesha kodi za jimbo na za serikali za chini. Kisicho katika orodha ile au katika sheria ya taifa hakidaiwi. Karatasi ya bei, kwa Kiswahili na Kilendu na Kialur, ibandikwe ku soko.

Tuwafundishe kulipa ku benki au pale palipokubaliwa, si mkononi mwa mtu, na kutunza kila kitansi.

Na tukipata kazi ile tunayoingojea, mtu akituonyesha kitansi chake, tuseme "asante, mama", tuondoke. Hilo tu. Siku mama wa soko ataona ajenti anaangalia karatasi na kuondoka, atawaambia wenzake kumi kabla ya jua kuzama, na hiyo itafanya kazi kuliko mabango yote ya leta.

Mimi nilirudi Kpandroma wakati wa kulipa tena ulipofika. Sikumwambia mama mudogo alipe, sikumwambia asilipe. Tulikwenda pamoja. Nilikaa karibu naye, nikasoma karatasi kila mstari kabla hajatoa pesa. Siku waliporudi wale wengine nilikuwapo, nikauliza kwa heshima kila mmoja jina la sheria yake. Wawili walikuwa nayo, tukawalipa, tukapewa vitansi. Mmoja alisema atarudi. Hajarudi.

Sasa butiki ina mfuko wa plastiki umetundikwa ku msumari, na vitansi vyote viko ndani. Nilimwuliza kama sasa anaamini leta. Alicheka.

"Miye naamini ile mufuko," alisema. "Leta tutaona. Mwaka kesho utakuya tena?"

Nilisema nitakuja.